Kitambulisho Kabla ya Jezi

Usiku wa tarehe 22 Mei 2010, Inter Milan iliilaza Bayern Munich 2-0 uwanjani Santiago Bernabéu, Madrid, na kutawazwa bingwa wa Ulaya. Mabao yote mawili yalitiwa kimiani na Diego Milito, Mwajentina. Kipa alikuwa Mbrazili, nahodha Mwajentina mwingine, fundi wa pasi za mwisho Mholanzi, na winga aliyekubali kurudi nyuma kukaba kama beki alikuwa Samuel Eto'o wa Kamerun. Katika 11 walioanza hapakuwa na Muitaliano hata mmoja. Marco Materazzi aliingizwa dakika za mwisho kabisa, mechi ikiwa imekwisha kuamuliwa, na huo ndio ukawa mchango wa Waitaliano nyasini katika ushindi wa klabu ya Italia.

Linalonivutia mimi ni benchi. Pale walikaa McDonald Mariga wa Nairobi na Mario Balotelli wa Palermo. Balotelli anakumbukwa kwa vituko vyake, Mariga kwa kuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa. Wachache wanakumbuka kwamba wote wawili waliwahi kukwamishwa na karatasi.

Januari ya mwaka uleule, Mariga alikuwa amekubaliana na Manchester City. Klabu yake ya Parma imeridhia kumwachia, fedha zimepangwa, kilichobaki ni kibali cha kazi cha Uingereza. Kanuni ya wakati ule ilitaka mchezaji anayetoka nje ya Jumuiya ya Ulaya awe wa nchi iliyomo kwenye 70 bora za FIFA. Kenya haikuwemo. Kibali kikanyimwa, na kijana aliyekuwa akitamba Serie A kila wikendi akafungiwa mlango kwa sababu ya vichapo ambavyo timu ya taifa, Harambee Stars, ilikuwa imevipata kwa miaka. Inter wakamdaka muda mfupi baadaye, na mwezi Mei akavalishwa medali. Bahati ilimwangukia, lakini si kila anayenyimwa karatasi huokotwa na Inter.

Balotelli alizaliwa Palermo mwaka 1990 na wazazi Waghana, akalelewa na familia ya Kiitaliano huko kaskazini. Kwa sheria ya Italia, kuzaliwa nchini humo pekee hakumpi mtoto wa wageni uraia. Ilimbidi asubiri mpaka afikishe miaka 18. Alikwisha kufunga mabao ya Serie A kabla hajapewa uraia Agosti 2008, na muda wote huo timu za vijana za Italia zilimtazama kwa mbali. Miaka 4 baadaye, tarehe 28 Juni 2012, ndiye aliyewafunga Wajerumani mara mbili katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya mjini Warsaw.

Waitaliano wamekuwa wakigombana kuhusu kandanda yao tangu usiku ule wa Madrid. Hadi fainali ya 2025, hakuna klabu yao nyingine iliyotwaa Ligi ya Mabingwa. Juventus walifika fainali 2015 na 2017 wakalala zote. Inter walilala 2023 mbele ya Manchester City, kisha 2025 wakacharazwa 5-0 na Paris Saint-Germain, kichapo kizito kuliko vyote katika historia ya fainali hizo. Timu ya taifa nayo, iliyobeba Kombe la Dunia 2006, iliaga hatua ya makundi 2010 na 2014, ikabanduliwa na Sweden isifike Urusi 2018, na mwezi Machi 2022 ikafungwa bao la dakika za majeruhi na Macedonia Kaskazini ikabaki nyumbani tena. Katikati ya aibu hizo mbili ikashinda Kombe la Ulaya mwaka 2021 jijini London, jambo linaloharibu hoja ya kila anayetaka kueleza maradhi ya Italia kwa sentensi moja.

Wengine huko husema wageni wamejaa klabuni, vijana wa nyumbani hawapati dakika. Wengine husema viwanja vimezeeka na fedha zimehamia Uingereza. Na wapo wanaotaja watoto wa aina ya Balotelli, waliozaliwa na kusomea Italia lakini hawahesabiki kuwa Waitaliano mpaka utu uzima. Juni 2025 Waitaliano waliitwa kupiga kura ya maoni ya kupunguza miaka ya kusubiri uraia kutoka 10 hadi 5. Waliojitokeza hawakutimia nusu ya wapigakura, kura ikafa. Hoja hii ya tatu hutajwa kwa sauti ya chini kuliko zile mbili. Kwa mtu wa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, ndiyo ya kwanza.

*

Huku kwetu klabu na timu ya taifa zilipanda pamoja, zikashuka pamoja. Mwaka 1987 Gor Mahia walitoka sare 2-2 na Espérance mjini Tunis, wakatoka sare nyingine 1-1 Kasarani, na kwa mabao ya ugenini wakabeba Kombe la Washindi Barani Afrika. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta kombe la bara. Mwaka huohuo Harambee Stars walifika fainali ya Michezo ya Afrika jijini Nairobi wakafungwa 1-0 na Misri, kisha wakafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika mara tatu mfululizo, 1988, 1990 na 1992. Baada ya hapo, kiangazi. Walifuzu 2004, wakafuzu tena 2019, basi.

Gor nao waliamka kidogo mwaka 2019, wakaipiga Zamalek 4-2 Nairobi na kufika robo fainali ya Kombe la Shirikisho, ambako RS Berkane ya Morocco iliwachapa jumla ya mabao 7-1. Septemba 2024 Al Ahly waliwafunga 3-0 Nairobi na 3-0 Cairo, na mashabiki hawakushangaa hata kidogo. Katikati ya hayo serikali ililivunja shirikisho la kandanda Novemba 2021, FIFA ikaifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022, na kwa muda huo klabu wala timu ya taifa hazikuruhusiwa kuvuka mpaka kucheza.

Wapo wanaowalaumu wachezaji wa kigeni, kama kule Italia. Hoja hiyo haisimami ukitazama jirani. Tanzania inaruhusu klabu ya Ligi Kuu kusajili wageni 12, na Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, Simba wakaifikia 2025, huku Taifa Stars wakifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023 na lile la 2025. Wageni hawakuwazuia Watanzania. Kenya ina wageni wachache zaidi na imebaki nyuma. Tatizo letu linaanza mbali zaidi chini, kwenye swali la nani anafika mahali pa kuonekana.

Tazama ramani ya Ligi Kuu ya Kenya. Fuata reli na barabara kuu kutoka Mombasa, pitia Nairobi na Nakuru, uishie Kisumu na nchi ya magharibi: klabu karibu zote utazikuta kandokando ya njia hiyo au mwendo mfupi kutoka hapo. Kisha geuza macho mashariki, uvuke Mto Tana. Garissa, Wajir na Mandera zina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 127,000, zaidi ya sehemu moja kwa tano ya nchi nzima. Sensa ya 2019 ilihesabu humo karibu watu milioni 2.5. Tangu Ligi Kuu ya sasa ianze mwaka 2003, hakuna klabu ya kaunti hizo tatu iliyoicheza hata msimu mmoja.

Sababu ya kwanza ni fedha, na fedha za kandanda ya Kenya zina tabia yake. Klabu zetu chache huishi kwa viingilio vya mashabiki. Nyingi huishi kwa mgongo wa shirika. Bandari ina mamlaka ya bandari, Tusker ina kiwanda cha bia, KCB ina benki, Posta Rangers ina posta, Mara Sugar ina sukari. Garissa ina mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, ambako ng'ombe, ngamia na mbuzi hubadilisha mikono kwa mamilioni ya shilingi, lakini biashara hiyo imo mikononi mwa wafanyabiashara wengi na madalali, si kampuni moja yenye bajeti ya matangazo. Ngamia hajawahi kudhamini klabu. Na kampuni ya bia, hata ingetaka, ingepata tabu kubandika jina lake kwenye vifua vya vijana wa Garissa.

Kuna jingine linalouma zaidi. Klabu mbili kati ya zilizowahi kutawazwa mabingwa wa Kenya ni za vyombo vya dola: Ulinzi Stars ya jeshi, iliyotwaa taji mara nne, na Kenya Police, waliolitwaa msimu wa 2024/25. Kijana wa Nakuru au Nairobi akisikia majina hayo hufikiria jezi, mshahara na ajira ya kudumu. Kwa wazee wa Garissa na Wajir, jeshi na polisi vina kumbukumbu nyingine kabisa, na huwezi kuandika habari za soka la kaskazini mashariki ukairuka.

*

Sheria za hali ya hatari ziliwekwa katika eneo hili mwishoni mwa Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, na hazikufutwa mpaka 1991. Vita vya Shifta, vilivyokuwa sababu ya sheria hizo, vilikwisha 1967. Sheria zikabaki kwa miaka 24 zaidi. Kumbuka miaka ile: ndiyo miaka ambayo kandanda ya Kenya ilijengwa. AFC Leopards walibeba ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Gor walifika fainali ya bara 1979 na kushinda ile ya 1987. Wakati Nairobi ikijifunza kuishi na mpira, watu wa kaskazini mashariki walikuwa wakiishi chini ya sheria zao peke yao.

Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, askari waliingia mtaani, wakachoma makazi ya Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika kiwanja cha mpira cha shule ya msingi. Wakazuiliwa pale siku tatu, juani, bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ripoti yake ilitoka Mei 2013, iliyaandika mateso hayo pamoja na yale ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, ya Februari 1984. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo, nami siingii katika hesabu hiyo. Ninachotaka msomaji akishike ni mahali. Mwanamume aliyekuwa na miaka 15 mwaka ule, umri ambao skauti huanza kumwandika mchezaji daftarini, alikijua kiwanja cha mpira kuwa mahali pa kuhesabiwa kwa mtutu wa bunduki. Leo mtu huyo ni babu, na mjukuu wake anamwomba ruhusa ya kwenda mazoezini.

Mwaka 1989 serikali iliwapanga Wasomali wote wa Kenya foleni na kuwachuja upya, wakapewa kadi za rangi ya waridi kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Hakuna jamii nyingine iliyotakiwa kubeba kadi ya pili ya namna hiyo. Kadi ziliachwa, uchujaji ukabaki. Kwa miongo, kijana wa Nyeri aliyetimiza miaka 18 alikwenda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, akasubiri. Wa Garissa aliketishwa mbele ya kamati ya wazee, chifu na maafisa wa usalama, akaulizwa ukoo wake, babu yake alizikwa wapi, malisho yao yako upande gani. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa ziarani kaskazini mashariki, alitia saini tangazo la kuufuta uchujaji huo. Ni hatua kubwa. Lakini wachezaji walio katika umri wao bora leo walikulia katika utaratibu wa zamani.

Halafu kuna mkasa wa Dadaab, Garissa. Kambi zilipofunguliwa 1991 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Somalia, ukame ulikuwa ukiwapiga Wakenya wa vijiji vya jirani vilevile. Kambini kulikuwa na mahindi, mafuta, zahanati na shule. Wazazi wengi Wakenya waliwaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wale. Ni nani angewalaumu? Miaka ikapita, mtoto akafika miaka 18, akaweka vidole kwenye mashine ya usajili wa kitambulisho, na mashine ikajibu kwamba yeye ni mkimbizi. Inakadiriwa kwamba Wakenya wapatao 40,000 walinaswa hivyo. Wengine walikaa miaka kumi na zaidi bila kitambulisho, na kwa hiyo bila akaunti ya benki, bila kazi ya serikali, bila pasipoti. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Garissa, na mapema 2025 mahakama ikaamua kwa upande wao.

Sasa rudi kwenye mpira. Klabu ya ligi yoyote ya maana husajili mchezaji mzima kwa kitambulisho. Kocha wa taifa akikuita kambini kwa mechi ya ugenini, cha kwanza anachoulizwa meneja wa timu ni pasipoti. Mguu wa kushoto wa dhahabu haupandi ndege peke yake. Tunapouliza kwa nini orodha ya Harambee Stars haina majina ya Garissa, tunatazama ukurasa wa mwisho wa kitabu ambacho kurasa zake za kwanza ziko ofisi ya msajili wa watu.

*

Mpira wenyewe upo, na wingi wake utakushangaza. Ukifika Garissa baada ya swala ya alasiri, jua likianza kulegea, kila bula, yaani kila mtaa, ina mchezo wake. Joto la mchana hupita nyuzi 35, kwa hiyo hakuna mwenye akili anayecheza kabla ya saa kumi. Kiwanja ni mchanga. Mstari wa pembeni unachorwa kwa kisigino na kufutwa na mbuzi wanaorudi nyumbani. Tuktuk zimeegeshwa upande mmoja, madereva wamekaa juu ya viti vya mbele miguu nje, wakitoa maagizo ya kiufundi kwa Kisomali na Kiswahili bila kuulizwa na mtu. Adui mkubwa wa mchezo huu ni mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa kando ya Tana na kuvamia malisho. Mwiba wake hupasua tairi la gari, sembuse mpira wa shilingi mia chache. Mpira ukielekea vichakani, utasikia mayowe kabla haujafika. Ndiyo maana, nadhani, vijana wa huku hupiga pasi za chini na fupi. Muadhini akiita magharibi, mechi imekwisha, hata kama timu moja imepewa penalti. Penalti itapigwa kesho, na ugomvi wa nani aipige utaendelea usiku kucha.

Timu hubeba majina ya mbali. Berlin FC ya Garissa inajulikana kwa wafuatiliaji wa Chapa Dimba, mashindano ya vijana yanayodhaminiwa na Safaricom, ambako imewahi kubeba bendera ya kaskazini mashariki. Mashindano yale yalifanya jambo ambalo ligi haijalifanya: yaliihesabu kaskazini mashariki kuwa kanda kamili, yenye nafasi yake kwenye fainali za taifa. Wasichana nao walipewa nafasi. FIFA iliruhusu rasmi vilemba na hijabu uwanjani mwaka 2014, na kisingizio kikubwa cha kuwaacha nje kikaanguka, ingawa kisingizio kikianguka wazee hupata kingine.

Umbali haurahisishi mambo. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 370 za lami, safari ya kuvumilika. Kutoka Mandera ni zaidi ya 1,000. Timu ya Mandera ikipangiwa mechi ya ugenini Nairobi, inahitaji bajeti kubwa mno kuliko ya klabu ya Thika kwa mechi kama hiyo. Na kila gari litokalo Garissa lazima lisimame penye kizuizi cha daraja la Tana. Mazungumzo ya hapo anayajua kila aliyesafiri njia hiyo:

"Shukeni wote. Vitambulisho mkononi."

"Afande, sisi ni timu ya mpira, tuna mechi Mwingi saa tisa."

"Mpira ni kipande kwanza. Huyu je?"

"Huyo ni mwanafunzi, afande. Barua ya shule hii hapa."

"Na yule wa nyuma?"

Yule wa nyuma ana risiti ya kusubiri kitambulisho, imekunjwa mpaka maandishi yamefutika. Anaachwa darajani. Mwalimu anayeongoza timu anapanga upya kikosi ndani ya gari, beki wa kati anakuwa kiungo mkabaji, na Mwingi wanaingia uwanjani wakiwa wamechelewa na wamechoka. Siwalaumu polisi kwa kukagua. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Novemba iliyotangulia abiria 28 walishushwa kwenye basi huko Mandera wakauawa. Baada ya hapo walimu wengi wa kutoka sehemu nyingine za nchi walihama, na katika shule zetu mwalimu wa michezo ndiye kocha, ndiye daktari wa timu, ndiye anayeandika barua za kuombea ruhusa. Shule iliyompoteza ilipoteza timu. Usalama ni lazima. Lakini kijana anayekaguliwa kila safari tangu utotoni hujifunza kwamba barabara ya kwenda Nairobi si yake, na mwisho huacha kusafiri.

Upo pia mlango wa pili, wa mashariki. Jubaland, pamoja na Kismayu, ilikuwa sehemu ya koloni la Kenya mpaka Waingereza walipowakabidhi Waitaliano mwaka 1925 kama malipo ya kusimama upande wao katika Vita Vikuu vya kwanza. Mpaka ukasogezwa hadi ulipo leo, ukoo mmoja ukagawanywa, na urithi wa Italia unaoonekana Garissa mpaka leo ni sahani ya baasto, yaani tambi, yenye ndizi pembeni. Kwa kanuni za FIFA, kijana mwenye uraia wa Kenya ambaye mzazi au babu yake alizaliwa upande wa pili anaweza kuruhusiwa kuichezea Somalia akipata uraia wake. Septemba 2019 Somalia iliifunga Zimbabwe 1-0 huko Djibouti, ushindi wake wa kwanza kabisa katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia, na sherehe zilifika mpaka mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Ni vigumu kumlaumu kijana wa Liboi, pale mpakani, akiangalia upande huo, ikiwa upande huu hakuna aliyemtuma mtu kuja kumtazama.

Wengine waliondoka kabisa, na hao ndio wanaofunga mdomo wa anayesema kaskazini mashariki hakuna vipaji. Mwaka 2015, miezi michache baada ya msiba wa chuo kikuu, shule ya sekondari ya Lewiston katika jimbo la Maine, Marekani, ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa kuifunga Scarborough 1-0. Kikosi cha kocha Mike McGraw kilijaa vijana wa Kisomali, kadhaa wao waliopiga mpira wao wa kwanza kwenye vumbi la Dadaab. Mwaka 2019 Siad Haji, aliyezaliwa na wazazi Wasomali katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alichaguliwa na San Jose Earthquakes akiwa wa pili kati ya vijana wote wa vyuo waliokuwa wakigombewa na klabu za ligi kuu ya Marekani. Awer Mabil naye, wa kambi ya Kakuma, upande wa pili wa kaskazini yetu, alifunga penalti dhidi ya Peru Juni 2022 na Australia ikaenda Kombe la Dunia. Kenya mwaka huo ilikuwa imefungiwa na FIFA. Watoto waliokulia kwenye ardhi yetu walikuwa wakishindania mataji ya wengine, na sisi tukishindania funguo za ofisi ya shirikisho.

*

Kuilaumu Nairobi peke yake ni rahisi mno. Chini ya Katiba ya 2010, michezo na viwanja vyake ni kazi ya serikali za kaunti, na kaunti zimekuwa zikipokea mgao wake tangu 2013. Magavana wamebadilishana, na kila kampeni imekuwa na ahadi ya uwanja. Ukoo nao umeingia uwanjani: timu ya kaunti ikiteuliwa, wazee huhesabu majina kwa mbari kabla ya kuhesabu mabao, na mshambuliaji mkali huachwa ili mizani ya koo itulie. Hilo halikuletwa na mkoloni wala jeshi.

Wala si kwamba jamii hii imekosa watu wenye sauti. Jenerali Mahmoud Mohamed aliongoza majeshi ya Kenya kwa miaka kumi. Yusuf Haji, mwana wa Ijara, Garissa, alikuwa Waziri wa Ulinzi kuanzia 2008 hadi 2013, wizara ileile ambayo chini yake iko Ulinzi Stars. Na waziri aliyelivunja shirikisho la kandanda mwaka 2021, Amina Mohamed, ni binti wa familia ya Kisomali ya Kakamega. Msomali wa Kenya amefika mezani panapoamuliwa mambo ya mpira wa nchi kabla hajafika kwa wingi kwenye nyasi zake. Nchi nyingine wageni hupata uwanja kwanza, meza baadaye.

Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja fainali za CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani tu. Kocha Benni McCarthy alichukua vijana wa ligi yetu, akawafunga DR Congo, akawafunga Morocco akiwa na watu kumi uwanjani, akaongoza kundi, kabla ya Madagascar kuwatoa kwa penalti katika robo fainali Kasarani. Nchi iliamka. Lakini kikosi cha CHAN kwa kanuni hutoka kwenye klabu za ndani, na klabu za ndani ziko kandokando ya reli. McCarthy hakumwacha mchezaji wa Garissa. Hakuletewa.

Tangu Desemba 2024 shirikisho linaongozwa na Hussein Mohammed, na naibu wake ni McDonald Mariga, mtu anayejua kwa mwili wake maana ya kunyimwa kibali. Mwaka 2027 Kenya itakuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika pamoja na Uganda na Tanzania. Ombi langu kwao halihitaji mabilioni. Kabla ya mwaka huo, waandae majaribio ya wazi mjini Garissa, Wajir na Mandera, wapeleke makocha wa timu za vijana wa chini ya miaka 17 na 20, na wawaombe maafisa wa usajili wa watu waje na mashine zao kiwanjani siku hiyohiyo, wakae meza ya pili baada ya ile ya kuandikisha majina. Atakayefaulu aondoke pale na namba ya jezi na risiti ya kitambulisho kwa pamoja. Wapange majaribio yaanze saa kumi na nusu, na wabebe mipira ya kutosha kwa sababu ya mathenge.